Chujio la Mwalimu Asubonteng

Pale Suame, mtaa wa mafundi wa magari jijini Kumasi, Ghana, ambako mwenye spana mbili hujiita bingwa na mwenye tatu hujiita mhandisi, Akyaa Frempomaa alihesabiwa kuwa kichekesho. Kosa lake la kwanza lilikuwa kuzaliwa mwanamke. La pili, na hili ndilo lililowakera zaidi, ni kwamba alikuwa akisoma maandishi ya kipuri kabla ya kukifunga. Kwa miaka kumi na miwili alihudumia malori ya kampuni moja ya magogo huko Sefwi, mpaka magogo yalipokwisha na kampuni ikagundua ghafla kwamba inaupenda msitu. Akarudi Kumasi na sanduku la spana, mgongo unaouma, na tabia mbaya ya kumwuliza mteja maswali.

Jirani yake wa kibanda alikuwa Bediako, fundi mwenye sauti kubwa na tiba moja. Gari lililochemka likija kwake, alichomoa themostati, kile kilango kinachoongoza maji ya kupoza injini, na kuitupa kwenye pipa. "Hiki kidude ni cha watu wa barafu," alisema. Pipa lilikuwa limeshajaa. Magari yaliendelea kuchemka, ila sasa yalichemka bila themostati.

Alhamisi moja akaja Mwalimu Asubonteng, mwalimu mkuu mstaafu, katika gari lake jeupe la umri wa miaka thelathini na minne, mvuke ukimtangulia kama msafara wa mheshimiwa. Akazima injini, akashuka taratibu, akasimama mbele ya boneti kama anayesubiri darasa linyamaze.

"Binti, gari hili limepita mikononi mwa mafundi wanne. Wote hawana nidhamu."

"Pole, Mwalimu. Linachemkia wapi?"

"Mlima wa Mampong. Tena mbele ya watu wanaonifahamu."

"Unatia maji gani?"

"Kwani kuna maji ya aina ngapi?"

"Ya bomba, ya kisima, ya mto..."

"Ya Mungu," akajibu, na mada ikafungwa.

Akyaa alipofungua rejeta, maji ya Mungu yalitoka mazito, rangi ya tofali. Mafundi wote wanne walikuwa wameshauri rejeta mpya. Akyaa akamweleza mzee kwamba injini yenyewe ndiyo inayomomonyoka kutu ndani, na kutu hiyo inakwenda kuziba vijibomba vyembamba vya rejeta. Kununua rejeta mpya ni kuijengea kutu nyumba nyingine. Malori ya Sefwi yalikuwa na chujio la maji, kikopo kama cha maziwa, kinachokamata uchafu kabla haujatulia mahali. Gari dogo halikuumbwa nalo, lakini hakuna aliyelikataza kuvaa.

Akaosha mfumo mzima. Mahali pa kupachika chujio hapakumsumbua: mipira ya hita ilikuwa imekatwa zamani na njia zake zimebaki bila kazi, maana hajazaliwa mtu wa Kumasi aliyeliomba gari lake limwongezee joto. Akafunga kichwa cha chujio kwenye ukuta wa ndani ya boneti, juu ya gurudumu, akaleta mpira mmoja kutoka silinda hedi na kurudisha mwingine kwenye pampu. Kila upande akaweka koki ndogo, ili siku ya kubadilisha chujio, maji yote yasimwagike. Akarudisha na themostati mpya, akatia kulanti, dawa ya kuzuia kutu, iliyochanganywa na maji safi, kisha akaacha injini iungurume mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yakaisha.

Bediako alikuwa amekuja kusimamia bila kuombwa.

"Dada Akyaa! Gari umelipachika figo? Kesho utalivalisha meno ya bandia?"

"Kesho nakuja kwako, Bosi. Nasikia kichwani una nafasi kubwa, haina kifaa."

Akamshikisha Mwalimu mipira miwili. "Yote ikiwa moto, chujio linapitisha. Huu wa kurudi ukipoa, limeziba, niletee. Halafu usiongeze kitu humo bila kuniambia."

"Binti, mimi nimesimamia mitihani ya taifa."

Hilo halikuwa jibu, lakini Akyaa alikuwa na haraka, akalipokea kama jibu.

Siku ya nne gari likarudi. Mshale wa joto ulikuwa umepanda, mpira wa kurudi baridi kama mkono wa maiti. Akyaa akabadilisha chujio, akijiambia ni kutu ya zamani inayomalizika. Siku ya tano baada ya hapo, gari likarudi tena. Mwalimu hakulalamika, jambo ambalo lingepaswa kumshtua Akyaa. Alikaa tu kwenye kiti, macho yake kwenye usukani.

Suame haikuwa na aibu ya namna hiyo. Kwenye kibanda cha chakula Akyaa aliitwa Daktari wa Figo, na mama muuza fufu, aliyekuwa hajawahi kufungua boneti maishani, akamshauri kwa upole arudie kozi. Akyaa alitafuna huku akitazama mchuzi. Sefwi chujio lilikaa miezi. Hili linakaa siku nne, tano! Alianza kujiuliza kama alikuwa anajua kazi, au malori tu ndiyo yalikuwa na huruma. Nusura alitoe chujio na kumwambia mzee akanunue rejeta kama watu wengine.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mwalimu alikuwa katika kitambaa cheusi cha msiba, mkewe Mama Birago pembeni yake, safari yao Mampong kuzika. Safari hii Akyaa hakulitupa chujio. Alilibana kwenye jiliwa, akalipasua kwa msumeno wa chuma.

Alitarajia kutu. Akakuta uji.

Uji hasa, mweupe uliochafuka, wenye chembechembe laini na harufu ya uchachu. Akausugua kwa vidole. Bediako akasogeza pua.

"Hiki ni chakula," akanong'ona.

"Ni gari," akasema Akyaa.

Msomaji asidhani nimekosea. Huko Kumasi gari ni muhogo uliokunwa, ukachachushwa, ukakaangwa. Ukigusa maji unavimba mara tatu. Kwa hiyo, kwa Kiswahili chetu, ndani ya gari kulikuwa na gari.

"Hujuma!" akanguruma Mwalimu, kidole kikimlenga Bediako. "Wivu wa kibiashara!"

Bediako, aliyekuwa hana hatia kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi, hakujua akae vipi.

Ndipo mlango wa upande wa pili ukafunguliwa, na Mama Birago akashuka na nguo yake ya msiba, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Baba Afrakoma, ile gari yangu ya kwenye kopo la bluu, uliyoniambia imeliwa na panya?"

"Mama Afrakoma, hapa si mahali..."

"Panya huyo anajua kufungua boneti?"

Wateja wa vibanda vitatu wakasogea. Mwalimu alieleza akitazama ardhi. Rejeta ilikuwa ikivuja chini. Dereva mmoja wa njia ya Ejura alimfundisha kutia gari kidogo, ivimbe, izibe tundu. Ikaziba. Akyaa alipoosha mfumo, kizibo kikaondoka, uvujaji ukarudi, naye akaona haya kusema. Akatia tena. Na tena.

"Kiganja kimoja tu," akasema.

"Viwili," akasema mkewe. "Mimi ndiye ninayejua kopo langu."

Akyaa alikuwa amejiandalia maneno ya siku zote hizo. Kisha akamwona mzee akikunja na kukunjua pindo la kitambaa. Miaka arobaini alikuwa akiwakamata watoto wa watu na majibu yaliyofichwa kwenye soksi. Leo soksi ilikuwa yake. Akyaa akayameza maneno, na kicheko pia, kwa shida.

"Mwalimu, nionyeshe tu panapovuja."

Akaonyesha kwa ncha ya kandambili.

Rejeta ikatolewa, ikaenda kwa mchomeaji, ikazibwa kwa risasi ya kuyeyusha kama vitu vingine vya chuma. Mfumo ukaoshwa mara tatu, mpaka maji yakatoka safi, na chujio jipya likafungwa. Mazishi yaliwapita. Wakafika Mampong wakati wa chakula, sehemu ambayo Mama Birago aliiona ndiyo yenye maana. Mlima mzima mshale haukuvuka katikati.

Bediako naye hakukawia. Mwezi haukuisha, alikuwa akifunga machujio na kuwaeleza wateja kwamba mbinu hiyo aliiota. La kwanza alilifunga kinyumenyume.

Kanisani Mwalimu Asubonteng alitoa ushuhuda wa dakika ishirini juu ya faida ya kukiri makosa, akitumia mfano wa "mtu fulani". Akyaa alikaa benchi la nyuma, kitambaa kimebanwa mdomoni.

Miezi saba ilipita kabla mzee hajarudi kubadilisha chujio. Akyaa akalipasua mbele yake. Ndani mlikuwa na kijiko cha kutu tu, laini kama ugoro. Mwalimu akavaa miwani, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe kutu ndiyo hii," akasema.

Hapo ndipo alipolikaribia neno asante kuliko siku zote. Akyaa akafunga chujio jipya, akafungua koki zote mbili, akamwambia awashe injini.