Radi Moja ya Ukurasa wa Novemba

Saa mbili asubuhi, Twalib Hamduni amesimama juu ya jabali karibu na soko la Mwigobero, Musoma. Mawingu yanajikusanya ziwani nyuma yake, wala yeye hayaangalii. Anawaangalia wanawake wanaoanika dagaa mchangani.

"Redio inasema mvua hapa na pale," anasema. "Hapa ni wapi, na pale ni wapi? Hawa mama wakianza kuzoa dagaa, mimi najua dhoruba itakuwa vilima vya Bunda alasiri. Hawajakoseaga."

Twalib ana miaka arobaini na sita. Shule aliiacha darasa la nne. Kwa miaka kumi na tisa amewapiga watu picha za vitambulisho, za harusi na za kipaimara, ndani ya chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ndege. Leo anataka kwenda Bunda kuwinda radi.

Mchapaji mmoja wa Mwanza anatafuta picha ya dhoruba kwa ajili ya kalenda ya mwaka ujao, 1990, ukurasa wa Novemba. Ameahidi kuandika jina la mpiga picha chini yake. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa, na leo ni Jumatatu.

"Picha zangu zimejaa kwenye nyumba za watu mkoa huu," anasema. "Jina langu halipo hata kwenye moja. Mtu anakuonyesha, anasema huyu ni mimi. Nani aliipiga, hasemi."

Miaka ya uhaba, mkanda wa picha ulivushwa kutoka Kenya ndani ya soksi, na mmoja ulikaa kwenye kamera hata miezi miwili. Sasa madukani upo, ila bei yake ni karibu nusu ya mshahara wa tarishi. Twalib anao mmoja tu. Kipande kilichokwisha kupigwa amekikata gizani akakisafisha; umebakiza picha kumi na mbili.

Zingekuwa kumi na saba kama si Magige.

Wiki iliyopita Twalib alikwenda upande wa Butiama, njia ya Buhemba. Mvua ilikuwa imegoma wiki tatu. Wingu jeusi likapanda nyuma ya mawe makubwa, naye akasimamisha kamera kando ya shamba. Alipoinama kuchungulia, akaona watu tisa wamejipanga mbele yake, wamenyooka, mikono ubavuni. Na mbuzi.

Walikuwa mwenye shamba, Magige, na nyumba yake nzima.

"Mzee, naomba mpishe. Napiga wingu."

"Wingu litakulipa?"

"Halilipi."

"Basi usiwe mjinga, fundi. Hapa mvua tumeisahau, umefika nayo wewe. Tupige na mvua yetu."

Twalib akahamia kulia. Familia ikahamia kulia. Akarudi kushoto, wakarudi wote, mbuzi akiwa wa mwisho. Akaona heri awapige wamalize. Hawakumaliza, maana kila picha mke wa Magige, Dafroza, alidai kuna mtu kafumba macho. Kwenye picha ya tano, radi ikashuka juu ya mawe.

Ni picha ya radi iliyokamilika. Tawi kwa tawi linaonekana, kuanzia kofia ya Magige hadi kilemba cha Dafroza.

"Niliwaambia wasitikisike," anasema Twalib. "Hawakutikisika. Aliyekimbia ni mbuzi peke yake."

Mchapaji aliirudisha na kikaratasi: aliagiza dhoruba, hakuagiza ukoo.

Magige yeye ameitundika sebuleni, na habari zimetembea. Juzi mama mmoja wa Nyasura, huko huko Bunda, alimleta mwanawe apigwe picha ya kipaimara, akaomba awekewe na radi kidogo.

Ndiyo maana Twalib alipanga kubeba pia kamera yake ya zamani, isiyo na mkanda, awazuge nayo watu wa Kabasa, kijiji cha Bunda anakokwenda, huku nyingine inasubiri radi. Mkewe, Shani, anayesafisha naye picha, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Kijakazi, wakifuata picha zao utawapa nini?"

"Nitasema zimeungua."

"Miaka kumi na tisa hujasema picha imeungua kama haijaungua. Utaanzia Kabasa?"

Kamera ile imebaki kabatini. Mpango mpya ni kufika Kabasa mapema, kupiga kila anayetaka mpaka wachoke, ili radi ikija asibaki mtu wa kujipanga. Amewatengea watu picha kumi. Mbili ni zake.

Mchangani, Pelagia, mkubwa wa waanika dagaa, anainuka. Anageuza uso kwenye upepo, kisha anaanza kuzoa. Wenzake wanamfuata bila kuuliza. Twalib anateremka jabali na kuirukia baiskeli, awahi gari la Bunda.

"Fundi," Pelagia anamwita, beseni kichwani. "Mwaka wa tatu nakutabiria bure. Picha ya kwangu lini?"

Twalib anashuka. Nyuma ya mama huyo ziwa limegeuka rangi ya masizi, na mbali kabisa kuna mwanga unaocheza ndani ya wingu. Anamwomba asogee kushoto kidogo tu.

"Kwa nini nisogee? Nimesimama vizuri."

Anabonyeza.

"Zimebaki kumi na moja," anasema akipanda tena baiskeli. "Kumi ni za watu. Na Novemba ina ukurasa mmoja tu."