Miche Niliyopanda Siku ya Mazishi

Wanaorudi kutoka nje siku hizi wananipigia simu. Wamesikia kwamba niliwahi kujitolea kwenye shamba la mtaa, kule bondeni Buswelu, na wao wanataka kufanya hivyo hivyo: kushika udongo wa nyumbani, kugawa elimu, kupiga picha mbili tatu na kabichi. Wananiuliza wategemee nini. Nawaambia wategemee matope mpaka magotini, samadi kwenye kucha, na watu ambao hawatawauliza wamesomea nini. Halafu nawasimulia habari ya mama yangu, na hapo wengi hukumbuka kwamba wana shughuli nyingine.

Mimi sikupewa kitu na mtu. Niliondoka Mwanza na begi moja, nikafanya kazi kwenye vitalu nyumba vya Uholanzi miaka kumi na miwili, nikianzia kufagia majani na kuishia kusimamia zamu nzima ya nyanya. Stashahada ya kilimo cha bustani niliisomea jioni, baada ya kazi, kwa lugha inayokwaruza koo. Nyumba yangu ya Buswelu, ile ya kona yenye bati la kijani, niliijenga nikiwa huko huko, nikiwaamrisha mafundi kwa simu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mkubwa aliyenifungulia mlango, na sioni aibu kulisema hilo kila ninapopata nafasi.

Kuna kitu kimoja tu ambacho sikuweza kukijenga kwa simu. Niliporudi nilimtoa mama kijijini kwetu, upande wa Bujora, nikamweka kwenye nyumba yenye vigae na maji ya bomba, na mama akakaa humo kama mgeni wa hotelini. Alikuwa na presha na magoti mabovu. Alikotoka, akikosa kuonekana kisimani asubuhi moja, kabla ya saa nne watu watatu wameshabisha hodi. Buswelu hakuna aliyejua kama yupo. Siku moja, tukiwa tunakula, alinitamkia bila kuzunguka.

“Mwanangu, nyumba umenijengea, Mungu akubariki. Sasa nitafutie watu.”

Nilimwelewa. Kwetu Usukumani kila mtaa una nzengo yake, yaani umoja wa wakazi wanaochimba kaburi lako, wanaopika kwenye msiba wako na kumbeba mama yako mabegani. Mtu asiyejulikana na nzengo ana kuta na paa tu. Mama alikuwa anaogopa kufa katikati ya watu wasiomjua. Nzengo ya mtaa wetu ilikuwa na shamba la pamoja bondeni, na kila Jumamosi ndiko ilikokutana. Kwa hiyo nilikwenda kujitolea. Sikwenda kwa ajili ya kabichi.

Shamba lenyewe ni kipande cha tope jeusi ambacho maji yake hujichuja taratibu kuelekea ziwani. Wanalima mchicha, chainizi, kabichi kidogo, na nyanya ambazo kila msimu zilikuwa zinanyauka kabla hazijaiva. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye mabega mapana, aliyewahi kuuza sangara wa kukaanga kule mwaloni, kwenye soko la samaki, kwa miaka mingi. Siku ya kwanza nilimpelekea nakala ya stashahada yangu na mpango wa kurasa nne. Alizipokea kwa mikono miwili, akazisoma zote, akazikunja vizuri, kisha akanionyesha lundo la samadi na mahali pa kuipeleka.

Nilihamisha samadi Jumamosi tano mfululizo. Mtu aliyesimamia zamu ya watu arobaini. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi mstaafu wa injini za meli, ambaye alinibatiza Mholanzi siku ya kwanza na hakuniita kitu kingine tena. Nikimpita na toroli aliuliza kama ng'ombe wa kule Ulaya samadi yao inatoka ikiwa imeshapimwa. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya simtanki, akichambua mchicha na wanawake wenzake, na yeye alikuwa anacheka kuliko wote.

Jumamosi ya tatu mwanamke mmoja wa nyumba ya nne kutoka kwetu alimletea mama dagaa. Jumamosi ya nne wakaja wawili, na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kikapu, wakakaa mpaka jua likashuka. Nilikuwa najifanya nasoma sebuleni huku nikisikiliza sauti ya mama ikipanda na kushuka kwa Kisukuma, haraka haraka, kama mtu aliyekuwa amezuiwa kusema mwaka mzima. Niliona kwamba mpango wangu unakwenda vizuri. Mimi mipango yangu huwa inakwenda vizuri.

Ndipo mwenyekiti aliponipa tuta moja la nyanya. Niliotesha miche kwenye trei, kwa mchanganyiko wa mboji na pumba za mpunga niliouchemsha mwenyewe ili kuua ugonjwa wa mnyauko. Wiki ya nne miche ilikuwa na mashina manene kama penseli. Hata yule mzee aliinama akapima shina moja kwa kidole chake, safari hii bila mzaha, na kwangu hiyo ilikuwa sifa. Tulikubaliana tuihamishie shambani Jumatano.

Jumanne alifariki mzee aliyekuwa akitunza mfereji wa maji ya shamba.

Mtu akifa, nzengo hufunga kila kitu. Hakuna jembe linaloshika udongo mpaka marehemu alazwe. Hilo nalijua tangu utotoni, sitajifanya sikulijua. Nilikwenda msibani siku hiyo hiyo, nikabeba kuni, nikakaa kwenye mabenchi na wanaume. Mazishi yalipangwa Alhamisi. Lakini mtoto wake mkubwa alikuwa Nansio, kisiwani, ziwa likachafuka, kivuko hakikutoka. Wakasogeza Ijumaa. Halafu wakasogeza Jumamosi. Na mimi kila asubuhi nilipita kuangalia trei zangu. Mizizi ilikuwa imeanza kujizungusha chini, majani ya mwanzo yanageuka manjano. Mche wa nyanya ukifikia pale hausubiri kivuko.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilikwenda bondeni peke yangu. Nilijiambia kwamba mwiko ni wa jembe, na mimi sikushika jembe. Tuta lilikuwa limeshatengenezwa. Nilitumia kijiti, nikawa natoboa shimo, naweka mche, nabana udongo kwa vidole. Nilijiambia pia kwamba nyanya zile ni za kwao, nawaokolea mali yao wenyewe, na kwamba wakija Jumatatu wakakuta tuta limesimama watanishukuru. Mazishi yalikuwa saa nane. Nilipanga kumaliza saa sita, nioge, nivae, niwe makaburini kabla ya jeneza.

Sikujua kwamba mwili ungetoka hospitali mapema. Saa tano gari lilipita barabara ya juu, polepole, watu wakilifuata kwa miguu. Kutoka pale juu bonde lote linaonekana, na katika bonde lote hapakuwa na mtu ila mimi, nimeinama. Nilisimama nikavua kofia. Mikono yangu ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Walinitazama, wakaendelea na safari.

Yaliyotokea msibani sikuyaona, nilisimuliwa na mama. Alikuwa amekaa na wanawake nyuma ya nyumba, wanapeta mchele. Mmoja akaja akasema nimeonekana wapi. Hawakumgombeza mama. Kila mmoja alinyanyua ungo wake, wakahamia upande wa pili wa moto, wakaendelea kupeta. Mama alibaki peke yake na ungo wake mapajani. Akapeta mpaka mchele wake ukaisha, akauacha pale, akarudi nyumbani kwa miguu yake mibovu kabla watu hawajala. Maisha yake yote mama yangu hakuwahi kuondoka msibani kabla watu hawajala.

Wiki iliyofuata niliitwa mbele ya nzengo, pale pale shambani. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Niliomba radhi kwa kuwaumiza, kisha nikaeleza habari ya mizizi, habari ya kivuko, na kwamba sikutumia jembe.

“Basi nenda kaburini,” alisema yule mzee wa meli, “ukamweleze marehemu hiyo habari ya kijiti.”

Nikasema natoa mbuzi. Nikasema natoa hata wawili, leo hii, maana najua faini za nzengo ni chakula cha watu wote. Mwenyekiti alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

“Mbuzi kwako ni kitu cha kununua tu, baba,” alisema. “Wewe utaing'oa ile miche. Yote, kwa mkono wako, sisi tukiona. Ukimaliza, yameisha, unanawa na tunaendelea.”

“Mia mbili na arobaini, mama. Haujafa hata mmoja. Mtakula nini?”

“Tutakula mchicha, Mholanzi,” akadakia mzee. “Tulikuwa tunakula kabla hujashuka kwenye ndege.”

Niliondoka. Bado nasema hadi leo kwamba kilimo changu kilikuwa sahihi. Nimeng'oa magugu kwenye mashamba ya watu wengine miaka kumi na miwili, kwa kuamrishwa, kwenye baridi, ili siku moja nisiamrishwe tena. Mtu wa namna hiyo humwambii ang'oe kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, mbele ya watu waliokaa wanatazama.

Kwa hiyo walitutenga. Asiyejua kutengwa atadhani kuna kelele au mawe. Hakuna. Mwanamke wa dagaa alipita na beseni lake kichwani akitazama mbele. Salamu ya mama ilitoka getini ikabaki barabarani. Mama alianza kuweka kiti chake pale getini asubuhi na kukirudisha ndani jioni, na kati ya asubuhi na jioni hakuna aliyesimama. Mimi kila siku nilikwenda kumwagilia nyanya zangu, nikazisimikia miti, nikazifunga kamba. Zilikuwa zinapendeza. Nilitaka wazione.

Presha ya mama ilipanda. Nilimpeleka hospitali kwa gari langu, akalazwa siku mbili, nikamrudisha kwa gari langu. Tulipofika, alitazama barabara upande huu na upande huu kabla ya kushuka. Hakukuwa na mtu wa kumpa pole. Sebuleni, juu ya televisheni, nimetundika stashahada yangu ndani ya fremu. Aliinyooshea kidole.

“Nikifa leo, nani atanibeba? Hiyo karatasi?”

Nilimjibu kwamba siku hizi watu wa kuzika wanakodishwa, wana gari zuri na sare. Nililisema kwa nia njema. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake, na nadhani ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa. Nilijua alikokwenda. Nilipofika barabara ya juu nilimwona bondeni, amepiga magoti kwenye tuta, anang'oa. Nzengo nzima ilikuwa imesimama kando ya matuta. Alikuwa anashika shina chini kabisa, kama nilivyomfundisha kushika kitunguu, anavuta, anakung'uta udongo ili usipotee, anaweka mche pembeni. Maua yalikuwa yameshatoka. Baada ya wiki sita hivi wangeanza kuvuna.

Nilishuka mbio nikaingia kwenye tuta kumsaidia. Hapo hapo, mbele ya wote, nilikuwa tayari. Mwenyekiti alinishika mkono wa shati.

“Mwache. Wewe tulikuita, ukakataa. Yeye hatukumwita.”

Nikasimama pembeni na viatu vyangu safi. Mama alichukua karibu saa mbili kumaliza. Hakuinua kichwa kunitazama hata mara moja. Alipong'oa wa mwisho hakuweza kuinuka, na kabla sijafika, wanawake wanne walikuwa wameshamshika kwapani. Mmoja akammiminia maji mikononi kwa jagi. Yule wa dagaa alipiga magoti akamfuta matope miguuni kwa kanga yake mwenyewe, na mama akaanza kulia, na wao wakaanza kulia, na mimi nikaondoka kwa sababu hapakuwa na mahali pangu pa kusimama.

Sasa mama ana watu. Wanakuja Alhamisi na Jumapili, sebule inajaa, na mimi naletewa chai chumbani kwangu kama mpangaji. Wananisalimu, siwezi kusema hawanisalimu. Shambani sijarudi na hakuna aliyeuliza kwa nini. Msimu huu wamenunua trei. Wameotesha miche kwenye mboji na pumba zilizochemshwa, na wakikwama wanamwuliza mama, na mama ananiuliza mimi wakati wa chakula, bila kusema swali limetoka kwa nani.

Juzi aliuliza kwa nini majani yanajikunja na upande wa chini yana vidudu vyeupe vinavyoruka. Nilitaka kumwambia wamtafute mzee wa meli awaeleze. Halafu nikakumbuka kwamba mama ndiye atakayesimama nalo mbele yao, nikamjibu vizuri, hatua kwa hatua, kama nilivyokuwa nawafundisha wageni wa zamu yangu. Akalirudia lote taratibu. Alikosea mahali pawili. Nikamsahihisha, akarudia tena mpaka likakaa sawa, kisha akaniomba nimsogezee chumvi.