Jicho la Fundi Saa

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi saa, na tangu watu waanze kutazama saa kwenye simu, meza yake imebaki na nafasi tele. Akaijaza mchezo wake wa vita vya angani: ramani aliyoichora kwa mkono, na kadi zenye ndege ndogo kama ukucha. Mimi nauza vipuri vikuukuu, sina muda wa michezo. Ila kitu kinachouzika nakijua nikikiona, nikamtafutia mchapaji.

Mchapaji akaja nyumbani kwao mchana, akapokea chai ya dada, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayepita tu. "Nasikia mnashambulia kwa kushtukiza. Haya, nishtueni, mchezo nauchapa. Nisiposhtuka, msinisumbue tena."

Kanuni ni nyepesi. Fundi analaza kadi tatu kifudifudi: moja ina ndege, mbili tupu. Moja inaelekea uwanjani, nyingine darajani, nyingine ghalani. Mlinzi ana mzinga mmoja tu, anauweka anapodhani ndege itatokea.

Mara ya kwanza mchapaji akauweka ghalani. Ndege ikafia hapohapo. Mara ya pili, darajani. Ikafia hapo pia!

"Mzee, unachungulia?" nikamuuliza.

"Nichungulie nini? Huyu mwenzako akiitazama kadi yenye ndege kabla ya kuilaza, anafumba jicho la kushoto."

Miaka ishirini ya kukagua matumbo ya saa kwa jicho moja! Nikamvuta fundi kando.

"Shem, nikienda kununua mzigo, mtu ninayemtanguliza simwambii bei yangu ya mwisho. Asichokijua hakimtoki usoni. Changanya kadi, usizitazame."

"Nishambulie huku hata mimi sijui ndege yangu iko wapi?"

"Una njia nyingine?"

Akachanganya, akalaza. Mchapaji akamkodolea, akilisubiri lile jicho. Wapi! Yote mawili wazi kama ya samaki. Akakuna kidevu, akauweka mzinga uwanjani.

Ghala likafunuliwa: tupu. Nikajikuta nimeinamia meza, mimi huyu! Kidole cha fundi kikahamia darajani, kikafunua.

Ndege!

Fundi ndiye aliyepiga ukelele, kiti kikaanguka nyuma yake. Mchapaji naye akaruka, chai yote ikaishia kwenye shati.

Dada akatoka jikoni mbio. "Kuna nini? Nani kaungua?"

"Daraja, mama, daraja!" Mchapaji alicheka huku akijipangusa. "Nimeshtuka, nakubali. Nachapa. Changanya tena, fundi, nilipize!"

Nikazifunika kadi kwa kiganja, nikamsogezea mkataba. "Sahihi kwanza, mzee. Kisha ucheze mpaka uchoke."

Akasaini akiwa bado amesimama.