Asumini ya Spesioza

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Ni siku ambayo baba yangu mdogo, Hamisi, aliingia uani kwetu Ujiji na jembe, akaung'oa mwasumini wa Spesioza, mwenyewe akiwa amesimama pale pale. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilikusikia ukimfukuza mama wa watu langoni, eti kaomba kijiti cha asumini yetu. Usiniangalie hivyo. Sikiliza.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Spesioza alivuka kutoka Burundi na mtoto mgongoni, na bibi yangu akampa chumba cha uani. Alikuwa akifua nguo za watu. Siku moja akarudi na kijiti cha asumini alichoomba kwenye nyumba aliyofulia, amekizungushia kitambaa kibichi. Akakitoa majani ya chini, akakipanda ndani ya kopo, akakiweka kivulini. Kilipotoa mizizi akakihamishia kando ya mlango wake. Mti ulipokomaa akanifundisha kuuzidisha: unainamisha tawi la chini, unakwaruza gome lake kidogo, unalifukia na kulikandamiza kwa jiwe, bila kulikata kwenye shina. Mimi na haraka zangu za usichana nilitaka kufukua kila asubuhi nione mizizi. "Buhoro buhoro, mwana wanje," aliniambia. Polepole, mwanangu. Mwasumini ulipochanua, uani kulinukia hata harufu ya dagaa haikusikika.

Hapo ndipo Hamisi alipochachamaa. Desturi yetu ni kwamba mtu uliyempa mahali pa kukaa alime mahindi, alime maharage, avune. Akipanda kitu cha kudumu, watu husema anatafuta kuichukua ardhi.

"Mgeni hapandi mti!" alipiga kelele, mwasumini umelala miguuni pake. "Leo maua, kesho atatuambia kiwanja ni chake! Fungasha, uende kambini!"

Maua, mwanangu! Kichaka kisichojaza hata kikombe cha uji! Spesioza aliingia chumbani akaanza kukunja nguo za mtoto, na mimi nilitamani kumrukia Hamisi nimng'ate mkono, sikufichi.

Bibi akatoka jikoni, unga mikononi. Aliuokota mwasumini, akauburuta hadi kwenye mlango wake wa mbele.

"Hamisi, lete jembe hilo. Chimba hapa."

"Mama, lakini..."

"Chimba! Kiwanja hiki ni changu, nami nautaka mti wa Spesioza mlangoni kwangu. Atakayeung'oa, aning'oe na mimi. Na wewe uliyezaliwa hapa, hebu nionyeshe ulichopanda!"

Hamisi akachimba, jasho linamtoka, majirani wakichungulia. Spesioza alikaa nasi hadi kwao kulipotulia, akaondoka na mche wake ndani ya kopo.

Na huu hapa unaoulinda kwa matusi ni mtoto wa mti ule ule. Nilipoolewa nilifukia tawi lake, lilipotoa mizizi nikalileta hapa Gungu. Ulianza na kijiti alichopewa mkimbizi aliyekiomba mlangoni kwa watu, kama mama yule wa jana. Ungekuwa wewe mwenye nyumba ile, leo tusingekuwa na hata ua moja!

Nakuusia nikiwa na hasira ili usisahau. Anayeomba kijiti mpe, tena umchagulie kilicho kizuri. Na uliyemkaribisha mwache apande kitu cha kukitazama akifungua mlango, maana mtu hawezi kuishi kwa kungoja kuondoka tu. Sasa chukua kisu, kata kijiti kilichokomaa, ukizungushie kitambaa kibichi, umtafute mama yule mpaka umpate. Umwamkie kwanza. Ukirudi nitakuwa nimepoa.

Mungu akujalie mlango unaonukia, mwanangu. Na siku utakapobisha hodi ukiwa mgeni wewe, akujalie mtu wa kukupa cha kupanda.