Majani Niliyokataa Yachomwe

Nilikataa moto. Kosa ni langu, na nalisema mwenyewe kabla wengine hawajalisema vizuri kuliko mimi.

Marehemu mume wangu alifanya kazi ya reli mpaka mgongo ukapinda, kisha akatuachia shamba kwenye barabara ya Kasenga. Nusu ilikuwa mahindi na mihogo. Nusu ilikuwa pori, na pori lile hatukuligusa. Sisi wa mtaa wa Kamalondo, mjini, tunaishi mlango kwa mlango, ukipiga chafya jirani anakuitikia, kwa hiyo kila Jumamosi nilikwenda kule kupumua. Kulikuwa na mitondo minene, ile miti ambayo viwavi wa kula wanapanda mvua zikianza. Kulikuwa na misuku yenye matunda matamu, na kanga waliopita na watoto wao bila kuniogopa. Chini kwenye unyevu tulichimba kikanda, kile kiazi kidogo tunachotwanga na karanga.

Pande zote watu walikuwa wanakata miti kwa makala, makaa ya kupikia. Kwangu hawakukata. Nilisimama mpakani na jembe begani, wakaniita polisi wa miti, nami nikafurahi. Nilijivuna, kwa nini nifiche? Mwanamke mmoja, magoti mabovu, na pori zima limesimama.

Mjukuu wangu wa kike anasoma mambo ya kilimo chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wetu. Alipotakiwa kuandika kitabu cha kumaliza masomo, alichagua pori langu. Akafunga vitambaa vyekundu kwenye mitondo arobaini, ahesabu viwavi mvua mbili mfululizo. Nilitangaza habari hiyo kanisani, sokoni, hata kwa fundi cherehani ambaye hakuniuliza.

Sasa kuhusu moto. Jirani yangu wa shamba ni mama mzaliwa wa kijiji cha pale, amenizidi miaka, namwita yaya, dada mkubwa. Kila mwezi wa sita, majani yakiwa hayajakauka vizuri na umande bado uko, yeye alikuwa anachoma upande wake. Moto ule unatambaa kama mtu mvivu. Unaramba majani, unafika kwenye shina la mti, unazimika. Kila mwaka alikuja kuniambia na mimi nichome.

"Mama, choma sasa ingali mubichi," alisema. "Wakati wetu mfumu, mukubwa wa kijiji, ndiye alisemaka siku. Bantu bote banachoma pamoja, viwavi binabakia."

"Moto ni moto, yaya. Redio inasema tusichome pori."

"Redio iko na pori yake?"

Wakwe zake, wake za wanawe waliokuja naye, wakacheka. Kile kicheko kiliniuma, nikajibu neno ambalo mpaka leo linanikaa kooni. Nilimwambia: "Wewe unachoma sababu haujui kusoma." Mimi niliyeishia mwaka wa tatu wa shule ya msingi! Yaya alinitazama, akaokota kijiti chake cha moto, akarudi upande wake.

Miaka minne sikuchoma. Majani yaliota, yakakauka, yakalala juu ya yale ya mwaka uliopita, mengine yakaota tena juu. Yalinipita kichwa. Mimi niliona utajiri. Nilikuwa nimewahi kuona kobe aliyeungua ndani ya gamba lake, nikaapa kwangu hapataungua kobe. Sikujua kwamba nilikuwa nawapangia kuni.

Mwezi wa kumi, saa sita mchana, jua la kupasua kichwa, mtu fulani aliwasha majani kando ya barabara kufukuza panya. Hatujamjua hata leo. Niliusikia moto kabla ya kuuona, kama mtu anayepasua nguo mpya. Ulipoingia kwangu haukutambaa. Ulisimama. Ukapanda mpaka kwenye matawi.

Yaya alikuja mbio na wakwe zake, kila mmoja na tawi bichi mkononi. "Rudi nyuma, mama! Rudi!" alipiga kelele, kwa sababu mimi nilikuwa nataka kuingia. Tulipiga, tulipiga, nywele za mkono wake zikaungua. Haikusaidia. Moto ulikula pori lote, ukafika mpakani kwa yaya, ukakosa chakula, ukafa pale pale. Hakuna aliyeuzima. Upande wake mitondo ilikuwa inatoa majani mapya, mekundu kama damu. Upande wangu ilikuwa nguzo nyeusi, na harufu ya nyama ambayo sikutaka kujua ni ya nini.

Juma lililofuata mjukuu wangu akaja. Alitembea kati ya miti, anagusa shina moja moja, vidole vikawa vyeusi. Kitambaa hata kimoja hakuna.

"Kambo," aliniita, yaani bibi, "ni nani alichoma?"

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wangu. Lakini mtoto ambaye nilijisifu mbele yake miaka yote alikuwa ananitazama, na mimi nikanyoosha midomo upande wa yaya. Sikutoa neno. Midomo tu.

Alirudi mjini, akaandika kitabu chake na kile alichokuwa nacho. Aliandika kwamba moto ulitoka shamba la jirani. Chuoni wakakipokea, tukapika kuku, nikacheza. Na kila alipokuja shambani alimpita yaya bila salamu.

"Mutoto yako ananipita kama kisiki," yaya aliniambia siku moja. "Nilimukosea nini?"

"Masomo, yaya. Yanachosha kichwa."

Aliitika. Hakuniamini, lakini aliitika.

Mwezi wa sita uliofuata nilikwenda mwenyewe kwake, nikapiga magoti yangu mabovu, nikamwomba anifundishe. Hakunicheka. Alinionyesha upande wa upepo, saa ya umande, mahali pa kufagia kuzunguka mti uliobaki hai. Tulikuwa tumeinama hivyo, moto mdogo unatambaa mbele yetu, mjukuu wangu alipotokea njiani.

Alitazama majani ya yaya, meusi chini, na miti yake mizima juu. Huyu amesoma, si mjinga.

"Ule moto wa mwezi wa kumi," alimwuliza yaya, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha, "ulianzia wapi?"

Yaya alinigeukia mimi, akangoja.

"Barabarani," nilisema. "Kwa yaya ndipo ulipofia. Mimi ndiye niliyeulisha miaka minne. Na mimi ndiye niliyekudanganya."

Mjukuu wangu aliweka mfuko wake chini. Akapiga magoti kwenye majivu mbele ya yaya, akapiga makofi ya heshima, kama wanavyofanya watu wa kule. Yaya akamwinua kwa mkono, akamwambia, "Leta tawi, moto unakimbia."

Kwangu mjukuu hakuja kunisalimia siku ile. Miti michache imeanza kutoa machipukizi chini kwenye shina, viwavi bado. Mambo ya pori sasa anamwuliza yaya. Mimi ananiuliza kama nimekunywa dawa zangu.