Mstari Nilioufuta kwa Heshima

Kwa miezi kadhaa mimi na mama mmoja wa Rubona tuliandika kijitabu kwa kupokezana flash moja. Yeye ni muuguzi mstaafu, mimi karani wa ofisi hapa Gisenyi. Kijitabu kilikuwa cha wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba kule Kanama, kuhusu kumtunza mtoto mchanga. Akimaliza kuandika, alitia flash kwenye bahasha, akampa dereva wa basi dogo, nami nikaipokea stendi. Mwenye flash ndiye mwenye zamu. Siku iliporudi na virusi, sura mbili zikiwa zimepotea, nilinuna wiki nzima. Yeye hakununa. Alimpigia simu bintiye anayefanya kazi ya kompyuta ng'ambo, akaanza kujifunza njia nyingine.

Jumamosi moja aliniita kwake. Nilimkuta mezani, miwani puani, mbele ya dirisha jeusi lisilo na picha wala kitufe, akiandika amri kwa vidole viwili. Nakiri niliona aibu. Mimi ninayeshinda mbele ya kompyuta nimezoea kubofya tu; lile dirisha jeusi nilikuwa nimewaachia mafundi.

"Usiogope," aliniambia. "Iko sawa na fishi, ile karatasi ya mugonjwa. Ku hôpital hatufutake kitu. Ukikosea, unapitisha mustari moja juu, unatia signature, wenye kukuja nyuma wasome vyote mbili."

Programu yenyewe inaitwa Git. Ukiandika git commit, inahifadhi ulichobadilisha na kukudai maelezo: umebadilisha nini, kwa nini. Ukiandika git push, kazi yako inapanda mtandaoni. Mwenzako akiandika git pull, inashuka kwake. Kila mmoja ana kijitabu chote na historia yake yote kwenye mashine yake, hata mtandao ukikatika. Hakuna zamu. Nimesoma maelezo mengi ya mafundi tangu siku ile, na sijaona yaliyoshinda yale ya fishi.

Shida ilikuwa mimi. Wiki mbili sikugusa kitu mpaka anipigie kwamba amemaliza, kana kwamba bahasha bado iko njiani. Mwishowe akanitania kwenye simu: "Bon, unangojea chauffeur wa basi?" Ndipo nikaanza kuandika wakati wowote nilipotaka.

Na ndipo tukagongana. Mstari mmoja ulisema mtoto mchanga akipata homa apelekwe kituo cha afya. Yeye aliongeza "haraka". Siku hiyohiyo, bila kujua, mimi niliandika: "saa ileile, hata kama ni usiku; usingoje kukuche." Nilipovuta kazi yake kwa git pull, programu ilisimama, ikaniwekea mistari yote miwili, mmoja juu ya mwingine, nichague. Programu haikujua nani mkubwa. Mimi nilijua. Utalifutaje neno la mama wa umri ule, aliyeuguza watu maisha yake yote? Nikaufuta wangu, nikatuma, nikajiona mtu mwenye malezi mema.

Siku ya tatu alifika mwenyewe Nengo, ninakoishi, kompyuta ikiwa ndani ya kikapu chake. Akaifungua kabla hata sijamkaribisha chai, akaandika git log -p, na mabadiliko yetu yote, hata yaliyofutwa, yakatiririka. Akaweka kidole kwenye mstari wangu.

"Uliandika hii, kisha ukaitoa. Juu ya nini? Sababu gani?"

"Niliona ibaki ya kwako, mama. Siwezi kukupita."

"Mi sikuuliza ni ya nani. Nauliza kama ni kweli."

Binti yangu alikuwa amekaa mkekani akichora, mgongo ametugeuzia. Mgeni alikuwa amebisha hodi, viti vimekokotwa, na hakugeuka. Yule mama alijua kwamba mtoto hasikii; hakuwahi kuniuliza ilianzaje. Basi nikamwambia. Alikuwa na wiki tatu. Homa ilimshika jioni, mvua ikinyesha, nikasema tutaondoka kukikucha. Kulikucha, tukaondoka, akatibiwa, akapona, lakini masikio hayakurudi. Watu wote huwa nawaambia alizaliwa hivyo.

Hakunipoza. Hakusema ni mapenzi ya Mungu, wala kwamba ningejuaje. Nimesikia maneno ya kupoza ya kutosha, na kila nikiyasikia hasira hunipanda. Alinisogezea kompyuta tu.

"Rudisha mustari yako," alisema. "Ya kwangu ni ya masomo. Yako uliiona na macho."

Nilikuwa nimemheshimu siku zote. Siku ile nilimpenda. Nikalifuta neno lake, yeye akiwa ameketi pale pale, nikaandika langu upya. Programu ikadai maelezo, kama kawaida yake: kwa nini umebadilisha? Yeye aliangalia michoro ya mwanangu, akaniacha nifikiri.

Niliandika: "Kwa sababu mimi nilingoja."

Alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge.

"Sasa tuma," alisema. Nikatuma.