Kifaa cha Babu Yenu Kimekosa Meno

Nyinyi wajukuu mlionitupa tangu Krismasi, someni!

Babu yenu akilala, pumzi inakatika. Daktari wa Kitale alitutuma kwa daktari wa meno hapa Bungoma, amtengenezee kifaa cha kuvuta taya mbele, hewa ipite.

Leo babu akafungua mdomo. Daktari wa meno, msichana tu, akachungulia na kutikisa kichwa.

Si meno ya chini ya mbele yaling'olewa akiwa kijana, ndiyo mila yetu? Na ya nyuma yanacheza.

"Kukhu," akaniuliza kama mjukuu kwa bibi yake, "kifaa kitashika wapi?"

"Kishike hata masikio, bana!"

Hakucheka. Akampigia yule daktari wa Kitale, wakaongea wee. Ati tungoje mashine ya kumpulizia hewa puani akilala.

Nitangojaje? Asipopumua ni mimi humtikisa, na sasa naogopa nitasinzia.

Mkija, wacheni mkate dukani, sitaki zawadi. Laleni kwanza mchana, mje mmlinde babu usiku, nami nifunge macho.